Vijidudu Vinavyolegeza Meno



Swali tunaloulizwa mara kwa mara na wenzetu wa viwanda vya kahawa, wa Gitega na wa Muyinga pia, ni hili: inakuwaje mtu wa miaka arobaini, ambaye bado anabeba gunia la kilo 60 bila kutweta, ameanza kulegea meno ya mbele hali hana jino hata moja lililotoboka? Wengine hujibu kwamba ni uzee umemwahi. Wengine husema ni damu mbaya, au ni urithi wa baba yake, au ni mkono wa mtu. Mwenyewe hungoja mpaka jino lidondoke katika kipande cha muhogo, akalitema, akaendelea na kazi.

Tumeona katika toleo hili tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu huo ni ugonjwa, sababu yake inajulikana, na mfanyakazi anaweza kuuzuia kwa fedha chache sana akiujua mapema. Akichelewa, mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kama ulivyokuwa.

Kwanza inafaa tutenganishe magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya. Jino linalotoboka ni ugonjwa wa jino lenyewe. Vijidudu hugeuza sukari kuwa asidi, asidi hula jino, shimo hufika kwenye mshipa wa fahamu, na mgonjwa hakeshi kwa kupenda. Ugonjwa wa fizi ni mwingine. Jino laweza kuwa zima kabisa, gumu na jeupe. Kinachopotea ni nyama na mfupa unaolishika. Ni kama nguzo ya mti mzuri iliyosimikwa katika udongo unaochukuliwa na maji kidogo kidogo. Nguzo haina kosa, lakini itaanguka.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba kwa miaka mingi hauumi. Huanza na damu wakati wa kupiga mswaki au kutafuna muwa. Ufizi huwa umevimba na unang'aa, na kinywa kina harufu isiyoondoka hata mtu akisukutua. Baadaye meno huonekana kama yamerefuka, huachana, na mwisho hutikisika. Kwa kuwa hakuna maumivu ya kumlaza mtu, hakuna anayeomba ruhusa kwenda hospitali, na msimamizi naye haoni mgonjwa.

Watu wengi huita damu yoyote ya fizi kiseyeye. Kiseyeye halisi ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule uliowaua mabaharia wengi zamani katika safari ndefu, na hutibiwa kwa kula matunda na mboga. Mtu anayekula maembe, mapera na lengalenga si rahisi kupata kiseyeye hicho. Kama anakula vitu hivyo na bado fizi zinatoka damu, hana budi kutafuta sababu nyingine, na sababu hiyo mara nyingi imo katika ukoga.

UKOGA NI MJI WA VIJIDUDU

Mwaka 1683 mtu mmoja wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek, alikwangua ule utandu mweupe ulio kati ya meno yake akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza kwa mikono yake. Hakuwa daktari, biashara yake ilikuwa vitambaa. Akaona viumbe vidogo sana vikitembea, na akawaandikia wataalamu wa London barua kuwapa habari hiyo. Hao ndio vijidudu tunaoita bakteria, na utandu ule ndio ukoga.

Wengi wetu tunadhani ukoga ni makombo ya chakula. Sivyo. Makombo huondoka kwa maji, ukoga hauondoki, kwa sababu ni bakteria walio hai, wamejishikiza kwenye jino na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Saa chache baada ya kusafisha jino, wa kwanza wamekwisha rudi. Hao wa kwanza hupenda hewa na hawana madhara makubwa kwa fizi. Wasipoondolewa huongezeka, tabaka juu ya tabaka, na kule chini hewa hupungua. Hapo huja jamii nyingine, ndefu kama sindano, iitwayo Fusobacterium. Hii hushikana na wale wa kwanza na pia na wale watakaokuja nyuma, kwa hiyo hufanya kazi ya daraja. Wanaokuja nyuma ndio wabaya: hawapendi hewa kabisa, na makao yao ni ule mfereji mwembamba ulio kati ya jino na ufizi, mahali ambapo maji ya kusukutua hayafiki.

Mwaka 1998 mtaalamu Sigmund Socransky na wenzake wa Boston, Marekani, walipanga bakteria hao kwa makundi, na kundi lililoonekana zaidi mahali ufizi umeharibika vibaya wakalipa rangi nyekundu. Ni watatu: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Majina ni magumu kwa ulimi na hatumlazimishi mtu kuyakariri. Huyo wa tatu amejikunja kama parafujo na ni wa ukoo mmoja na kijidudu cha kaswende, ila si kaswende, na mtu asije akamshtaki mkewe kwa sababu ya fizi.

Huyo wa kwanza anastahili maneno zaidi. Chakula chake ni protini, na anahitaji madini ya chuma, ambayo huyapata katika damu. Katika maabara, akioteshwa juu ya damu, koloni zake hugeuka nyeusi kwa sababu ya chuma hicho alichokusanya. Maana yake ni kwamba ufizi unaotoka damu unamlisha, naye akilishwa huzidi kuuharibu ufizi, na damu huzidi. Ana vimeng'enya vikali vinavyokatakata protini za mwili, na pamoja na hayo hujua kuwachanganya askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe za damu, wasimwue. Wataalamu wamegundua kwamba hahitaji kuwa wengi. Akiwa kidogo tu anaweza kuvuruga mji mzima wa vijidudu mpaka hata wale waliokuwa wakikaa kwa amani waanze kudhuru.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: mfupa wa jino hauvunjwi na bakteria wenyewe. Mwili ukiona adui amekaa mlangoni hautoki, hupeleka askari siku zote, na katika vita hivyo visivyokwisha chembe za mwili wenyewe huupunguza mfupa ili kuukimbiza mbali na adui. Ufizi hufuata mfupa chini, mfereji huwa mfuko wa kina kirefu, na vijidudu hupata nyumba kubwa zaidi. Wakati huo chumvi za mate zimegeuza ukoga wa zamani kuwa ugaga, mgumu kama jiwe, ambao hakuna mswaki unaoweza kuutoa.

Je, ni kweli kwamba ukoga ndio chanzo? Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Profesa Harald Löe aliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 kwa wengine, na 21 kwa wengine, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Wakaanza kusafisha tena, na baada ya wiki moja hivi zikapona. Hapo ndipo penye tumaini: uvimbe wa mwanzo, kabla mfupa haujaguswa, hurudi nyuma wote.

WACHUMA CHAI WA SRI LANKA

Profesa huyo huyo alifanya utafiti mwingine ambao unatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1970 yeye na wenzake waliwapima wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka, wenye umri wa miaka 14 hadi 31. Wenzetu wa chai wa Teza na Rwegura watawatambua mara moja watu hao: kazi ya mlimani, nyumba za kambi, mshahara mdogo. Hawakuwa wakitumia mswaki na hawakuwa na matibabu ya meno. Meno yaliyotoboka kwao yalikuwa nadra, lakini ukoga na ugaga walikuwa nao wote, na fizi zao wote zilikuwa na uvimbe. Walipimwa tena na tena mpaka mwaka 1985, na hesabu ikatangazwa mwaka 1986.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kati ya watu 100, watu 11 hawakuendelea zaidi ya uvimbe wa ufizi. Mfupa wao ulibaki. Watu 81 walipoteza mfupa polepole, na walipofika miaka 45 kila mmoja alikuwa amepoteza meno 7 kwa wastani. Lakini watu 8 walikwenda mbio: walipofika miaka 35 meno 12 yalikuwa yametoka, walipofika 40 yametoka 20, na kwenye miaka 45 hawakubakiwa na jino. Kazi moja, kambi moja, chakula kile kile, ukoga ule ule.

Hatuwezi kupita hapa bila kusema neno. Elimu hii inafundishwa leo katika vyuo vya meno vya dunia nzima, na ilitoka katika vinywa vya wachuma chai ambao hawakuwa na mswaki wala mganga wa meno. Dunia imewapa shukrani katika vitabu. Tunaona ingefaa shukrani hiyo iwafikie wafanyakazi wa mashamba, wa kule na wa hapa, kwa sura ya bomba la maji na siku ya kupimwa.

Karibu na kwetu, katika miaka ya 1980, watafiti walipima watu zaidi ya 1,100 wa wilaya ya Machakos, Kenya, wenye miaka 15 hadi 65. Wakati ule vitabu vingi viliandika kwamba Mwafrika ana fizi mbovu kuliko watu wengine. Machakos ilionyesha vingine. Ukoga na ugaga ulikuwa mwingi, hilo ni kweli, lakini wengi wao walikuwa wamebaki na sehemu kubwa ya meno yao hata uzeeni, na uharibifu mkubwa ulikusanyika kwa watu wachache. Walipochukua ukoga wa chini ya ufizi na kuutazama, wale bakteria wabaya walikutwa kwa watu wengi, wagonjwa na wasio wagonjwa.

Kwa hiyo tuseme hivi: bila bakteria hakuna ugonjwa, lakini bakteria peke yao hawatoshi kumwangusha kila mtu. Pana mambo yanayowafungulia mlango. Wengine wamezaliwa na mwili unaopigana kwa hasira kupita kiasi. Hao hawana la kufanya ila kujilinda zaidi. Ugonjwa wa kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu nazo huzidisha sukari katika damu. Upungufu wa kinga huuharakisha pia. Mama mjamzito huona fizi zake zikitoka damu zaidi, na dada zetu wanaochambua kahawa wasidhani ni kawaida ya kunyamaziwa.

Tumbaku ndiyo tunayotaka kuigusa kwa nguvu, maana ipo mifukoni mwetu. Mvutaji hupoteza mfupa zaidi kuliko asiyevuta, na tena tumbaku inamdanganya: hubana mishipa midogo ya damu, ufizi hautoki damu, naye husema fizi zangu ni nzima. Ile ishara moja ambayo maumbile yalimpa imezimwa. Mvutaji asingoje kuona damu, aende kupimwa.

WATOTO WETU

Sehemu hii tunawaomba wazazi waisome mara mbili. Katika nyumba yenye njaa, mtoto wa miaka miwili hadi sita aliyetoka kuugua surua au malaria anaweza kupata kidonda cha ufizi chenye damu na harufu kali. Vijidudu vingi huungana katika kidonda hicho, na kwa siku chache tu huweza kula ufizi, midomo na shavu mpaka mfupa. Ugonjwa huo huitwa noma. Usipotibiwa huua mpaka watoto 90 katika 100 wanaoupata, na wanaopona hubaki na uso ulioharibika. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Hauambukizi mtu kwa mtu, wala si laana ya ukoo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 katika 100 wa chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa kwa lishe duni, kwa hiyo hatuna haki ya kusema jambo hili haliwezi kutufikia. Mtoto dhaifu mwenye ufizi uliooza apelekwe kituo cha afya siku ile ile, si baada ya siku ya soko. Mwanzoni dawa za kawaida za kuua bakteria, kuoshwa kinywa na chakula kizuri humponya.

LA KUFANYA

Dawa ya kwanza ni mkono wenye mswaki. Ukoga unahitaji siku kadhaa bila kuguswa ndipo wale wabaya wapate makao. Ukivunjwa kila siku hawapati. Brashi iwe laini, ishikwe kwa kuinama ili nywele zake ziguse pale jino linapokutana na ufizi, isogezwe taratibu, nje na ndani, dakika mbili, na usiku kabla ya kulala isikosekane. Kijiti cha kutafuna hufaa pia kikitumiwa kwa uangalifu huo huo; tatizo lake ni kwamba watu husugua meno ya mbele yanayoonekana, wakasahau ya nyuma. Dawa ya meno yenye floridi huzuia kutoboka, lakini kwa fizi kinachofanya kazi ni zile nywele za brashi. Kwa hiyo aliyeishiwa dawa asiache kupiga mswaki.

Wengi wakiona damu huacha kusugua mahali hapo kwa kuhofia kuumiza. Hapo wanakosea sana. Mahali panapotoka damu ndipo panapotaka kusafishwa zaidi, kwa upole, na baada ya wiki moja au mbili damu hupungua. Isipopungua, kuna ugaga chini ya ufizi, na hapo ni kazi ya mganga wa meno kuukwangua kwa vyombo vyake. Jino linalotikisika kidogo linaweza kukaza baada ya kukwanguliwa. Tunasema hivi kwa sababu watu huenda kwa mng'oaji wa mtaani, mwenye koleo lililopita vinywani mwa watu wengi bila kuchemshwa, wakang'olewa jino ambalo lingeweza kukaa miaka mingine mingi.

Na vile vidonge vya rangi mbili vya sokoni? Mtu hununua vitatu au vinne, akameza, uvimbe ukatulia, akajiona amepona. Vijidudu vilivyo ndani ya ukoga vimejifunika, dawa huwafikia kwa shida, na ugaga unabaki pale pale. Wiki chache baadaye wamerudi, na sasa baadhi yao wamekwisha izoea dawa. Tetrasaiklini, akipewa mtoto mdogo au mama mjamzito, huyatia madoa meno ya mtoto kwa maisha yake yote. Yapo magonjwa ya fizi yanayohitaji dawa hizo, kama vijana wanaolegea meno mapema sana, au fizi zinazooza kwa maumivu makali, lakini daktari ndiye wa kuamua, na hata hapo kukwangua hakukwepeki.

Sasa tuje kwenye kazi yetu ya chama. Mkataba wa pamoja wa kazi unapojadiliwa, wajumbe wamezoea kudai mshahara, usafiri na vifaa vya kujikinga na vumbi. Tunawashauri waongeze madai matatu madogo ambayo mwajiri hawezi kusema yatafilisi kiwanda. Liwepo bomba la maji safi karibu na mahali pa kula, na si lile moja la kuoshea mashine. Bima ya matibabu, popote ilipo, iandikwe wazi kwamba inalipia kukwangua ugaga na si kung'oa tu. Wajumbe waisome karatasi yenyewe, wasitosheke na maneno ya ofisini. La tatu, kila mfanyakazi apewe nusu siku kwa mwaka, bila kukatwa mshahara, kwa ajili ya kupimwa meno, na vibarua wa msimu wahesabiwe, maana hao ndio wengi katika vituo vya kuoshea kahawa na ndio wanaosahauliwa.

Kituo cha afya ndicho mlango wa kwanza; huko hutolewa barua ya kwenda hospitali yenye mganga wa meno. Vituo vya kuoshea kahawa huanza kujaa kuanzia mwezi wa tatu hivi, na kuanzia hapo hakuna anayepata ruhusa. Kwa hiyo wajumbe wa Gitega na wa Muyinga waandike majina ya wenye kutoka damu na ya wavutaji katika mwezi wa kwanza, wayapeleke kwa msimamizi kwa mafungu ya watu watano watano, ili zamu zisikatike.